Kuhifadhi Nakala za Akiba za Kazi ya Mwalimu katika Kompyuta ya Linux

Utangulizi

Mwalimu wa shule ya msingi hawezi kuepukana na maandishi. Kabla ya kuingia darasani huandaa azimio la kazi na andalio la somo. Awapo darasani huita majina na kujaza mahudhurio. Atokapo husahihisha madaftari, hutia alama na kuweka kumbukumbu za maendeleo ya kila mtoto. Kwa miaka mingi maandishi hayo yalikaa katika madaftari na katika kabati la ofisi. Siku hizi walimu wengi, na hasa ninyi mnaojiandaa kuingia kazini, huyaandika kwa kompyuta. Jambo hili ni jema, kwa kuwa kilichoandikwa mara moja huweza kurekebishwa na kutumiwa tena mwaka unaofuata. Lakini lina hatari yake. Daftari likilowa mvua, kurasa zake zaweza kuanikwa juani zikasomeka. Diski ya kompyuta ikifa, kazi ya miaka mitatu hupotea kwa dakika moja, wala hapana cha kuanika.

Nasema hivi kwa kuwa yalinipata. Nilipokuwa nikifundisha Darasa la Pili katika shule moja ya mwambao, upande wa Madimba, niliona kwamba watoto wangu walisoma Kiswahili kwa shida, ilhali hadithi za nyumbani kwa Kimakonde walizijua vizuri. Nikamwendea mzee mmoja wa kijiji, naye kwa hisani yake akanisimulia hadithi kumi na moja, jioni baada ya jioni. Nilizirekodi kwa simu, nikaziandika katika kompyuta yangu kwa Kimakonde na kwa Kiswahili, kisha nikazifuta katika simu ili nipate nafasi. Siku moja nilizinakili katika flashi, nikaichomoa upesi kwa sababu pikipiki ilikuwa ikinisubiri nje. Masika yaliyofuata mzee alifariki. Baada ya miezi miwili diski ya kompyuta yangu ikafa. Niliifungua flashi bila wasiwasi. Majina yote kumi na moja yalikuwapo, lakini kila faili lilikuwa na ukubwa wa sifuri. Zilizosalia leo ni hadithi tatu, nazo zilisalimika kwa sababu nilikuwa nimeziandika ubaoni na watoto wakazinakili katika madaftari yao.

Makala haya yana madhumuni matatu: kwanza, kueleza maana ya nakala ya akiba, pili, kuonyesha hatua kwa hatua jinsi ya kuitengeneza na kuirudisha katika kompyuta ya Linux, na tatu, kupendekeza njia ya kulifundisha jambo hili hata mahali ambapo kompyuta hazitoshi.

Kwa nini Linux?

Linux ni programu kuu inayoendesha kompyuta. Kiini chake kilianza kuandikwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Hutolewa bure, huweza kunakiliwa na kugawiwa bila kuvunja sheria, na baadhi ya matoleo yake huendesha vizuri kompyuta kuukuu za aina ambayo mara nyingi ndiyo hufika shuleni kwetu. Toleo linalojulikana sana ni Ubuntu, lililoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo ni la Kibantu, na ndugu yake katika Kiswahili ni neno utu. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Hivyo programu huria si ngeni katika nchi yetu.

Maana ya nakala ya akiba

Nakala ya akiba ni nakala ya pili ya faili, iliyowekwa mahali pengine, kwa kusudi la kurudishwa ile ya kwanza itakapopotea au kuharibika. Tazama kwamba maana hii ina sehemu tatu: ni ya pili, imo mahali pengine, na inaweza kurudishwa. Ikikosa moja kati ya hizo si akiba. Mwalimu anayehamisha mafaili yake kutoka kompyuta hadi flashi, kisha akayafuta katika kompyuta, hana akiba. Bado ana nakala moja, ila imebadilisha makao. Anayenakili folda ndani ya diski ile ile hana akiba pia, kwa kuwa diski ikifa zote mbili hufa. Nami niliyekuwa na majina kumi na moja matupu sikuwa na akiba.

Watu wa pwani wamelijua jambo hili kabla ya kompyuta. Historia ya masultani wa Kilwa Kisiwani iliandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16. Karatasi za mwandishi wa kwanza hatunazo. Tunaisoma historia hiyo leo kwa sababu ilinakiliwa: nakala moja iliandikwa Unguja mwaka 1877 kwa ajili ya John Kirk, mwakilishi wa Uingereza, nayo sasa imo katika Maktaba ya Uingereza mjini London, na habari zenyewe, kwa umbo jingine, zilitiwa na Mreno João de Barros katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1552. Kwa kuwa maandishi hayo yalikuwa mahali mbalimbali, kupotea kwa moja hakukuwa kupotea kwa yote.

Hatari za mwambao wetu

Ni vizuri mwalimu azijue hatari za mahali anapofanyia kazi, maana ndizo zitakazomwonyesha aweke wapi akiba yake. Katika vijiji vya Madimba, Msimbati na mwambao wote hadi mlango wa mto Ruvuma, hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, navyo hula vyuma na viungio vya vyombo vya umeme. Umeme ukikatika wakati kompyuta inaandika, faili lililokuwa wazi laweza kuharibika. Sisimizi huingia ndani ya vyombo, paa huvuja, na wezi hawachagui nyumba ya mwalimu wala ya mvuvi.

Aidha, ziko hatari zinazokumba kijiji kizima kwa pamoja. Mwezi Aprili 1952 kimbunga kilipiga pwani ya kusini katika eneo la Lindi. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado nchini Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, baada ya wakazi wa Mtwara kutahadharishwa na kutakiwa wahamie mahali pa usalama. Mwalimu ambaye kompyuta yake na flashi yake vilikuwa katika chumba kimoja siku ile, alikuwa na vyombo viwili na hatari moja.

Mafaili yapi yatangulizwe?

Katika Linux kila mtumiaji ana folda yake ya nyumbani. Ikiwa jina lako katika kompyuta ni mwalimu, folda hiyo ni /home/mwalimu. Kazi zako zote yafaa zikae humo, na ili kurahisisha mambo tengeneza folda moja iitwayo Kazi, uweke ndani yake kila kitu cha shule. Kumbuka pia kwamba majina yanayoanza na nukta hayaonekani kwa kawaida. Humo ndimo programu huweka mipangilio yake, na wakati mwingine barua zako. Katika dirisha la mafaili bonyeza Ctrl na H ili uyaone.

Ukiwa na nafasi ndogo katika flashi, gawa mafaili yako katika makundi matatu:

(a) Yanayopatikana kwingine. Haya ni vitabu, mihtasari ya masomo na programu zenyewe. Zikipotea utaziomba kwa mwenzako.

(b) Yanayoweza kuandikwa tena kwa taabu. Haya ni maazimio ya kazi, maandalio ya masomo na mitihani uliyotunga.

(c) Yasiyoweza kuandikwa tena. Haya ni alama za wanafunzi, kumbukumbu za maendeleo yao, picha, na sauti za watu.

Walimu wengi huanza na kundi la kwanza kwa sababu ndilo kubwa na hujaza macho. Yapasa kuanza na la tatu. Alama za mtoto wa Darasa la Nne hazikumbukwi kwa kichwa. Ukizikisia, umemdhulumu yeye au mwenzake. Sauti ya mzee aliyekwisha kufariki hairekodiwi mara ya pili.

Kanuni ya tatu, mbili, moja

Mpiga picha wa Kimarekani Peter Krogh aliieneza kanuni fupi ambayo sasa hufuatwa na watu wengi: uwe na nakala tatu za kila faili la thamani, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati yake iwe mbali na nyingine. Kwa mwalimu wa kijijini kanuni hii yaweza kutimizwa hivi. Nakala ya kwanza ni ile ya kompyuta unayoifanyia kazi. Ya pili imo katika diski ya nje au flashi iliyowekwa ndani ya kopo lenye mfuniko unaobana, pamoja na kijifuko kikavu cha kunyonya unyevu kama kile kinachopatikana ndani ya maboksi ya viatu. Ya tatu imo katika flashi nyingine iliyo kwa ndugu au mwalimu mwenzako aliyeko Mtwara mjini, Newala au Masasi, nayo hubadilishwa kila uendapo.

Wengine watauliza: je, intaneti haitoshi? Intaneti ni mahali pazuri pa nakala ya tatu, ila si mahali pa kutegemea peke yake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari zilikatika, na intaneti ikadhoofika sana katika Tanzania na nchi jirani. Licha ya hayo, bando hugharimu fedha, na sauti za saa moja si mzigo mdogo. Tena, huduma nyingi za intaneti hufuatisha folda yako kama kivuli: ukifuta faili katika kompyuta, nako hufutika, na likiharibika nako huharibika. Kivuli si akiba.

Kutayarisha chombo

Flashi nyingi zinazouzwa madukani hutayarishwa kwa mpangilio uitwao FAT32 au exFAT ili zisomwe na kompyuta za kila aina. Zinafaa, lakini hazihifadhi habari za Linux kuhusu mwenye faili na ruhusa zake, na FAT32 haipokei faili moja linalofikia GB 4. Diski ya nje itakayotumiwa na Linux peke yake ni bora itayarishwe kwa mpangilio wa ext4. Angalia kwamba kutayarisha chombo upya hufuta vyote vilivyomo. Basi fanya hivyo kwa chombo kitupu tu.

Kipe chombo jina. Tuseme umekiita AKIBA. Ukikichomeka katika kompyuta ya Ubuntu, kitaonekana katika /media/mwalimu/AKIBA. Ili kuhakikisha, fungua terminali uandike:

lsblk

Amri hii huorodhesha diski zote na mahali zilipofungwa. Kisha andika:

df -h

nayo itakuonyesha nafasi iliyobaki. Usianze kunakili kabla ya kujua kwamba nafasi yatosha.

Kunakili kwa rsync

Ubuntu ina programu ya madirisha iitwayo Déjà Dup, ambayo huuliza folda gani ihifadhiwe, wapi na mara ngapi, kisha ikafanya kazi yenyewe. Asiyependa terminali aitumie, hana hasara. Hata hivyo napenda kila mwalimu mwanafunzi aijue amri ya rsync, iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras, kwa sababu humlazimu afahamu anachokifanya. Ubora wake ni kwamba hunakili yaliyobadilika tu. Mara ya kwanza huweza kuchukua saa nzima. Mara ya pili huenda ikamaliza kwa dakika mbili.

Hatua ya kwanza, fanya jaribio lisilonakili kitu:

rsync -avn /home/mwalimu/Kazi/ /media/mwalimu/AKIBA/Kazi/

Herufi a huagiza kwamba folda zote za ndani zichukuliwe, pamoja na tarehe na ruhusa za mafaili. Herufi v huiambia kompyuta itaje kila inachokifanya. Herufi n huiambia isifanye, bali ionyeshe tu ambayo ingeyafanya. Mahali pa kwanza katika amri ni panapotoka mafaili, na mahali pa pili ni yanapokwenda. Ukibadilisha nafasi hizo, nakala ya zamani itaandikwa juu ya kazi mpya. Hilo ndilo kosa kubwa la wanaoanza, na ndiyo sababu ya kutanguliza jaribio.

Zingatia pia mkwaju ulio mwishoni mwa Kazi/. Ukiwapo, maana yake ni "vilivyomo ndani ya Kazi". Usipokuwapo, maana yake ni "folda ya Kazi yenyewe", nawe utapata Kazi ndani ya Kazi.

Hatua ya pili, ukiridhika na orodha uliyoiona, ondoa herufi n:

rsync -av /home/mwalimu/Kazi/ /media/mwalimu/AKIBA/Kazi/

Ikiwa chombo chako ni cha FAT32 au exFAT, badala ya -av andika -rtv --modify-window=1. Hapo rsync haitahangaika na ruhusa ambazo chombo hakiwezi kuzishika, na itavumilia tofauti ndogo ya saa baina ya kompyuta na flashi.

Utakutana na watu watakaokushauri uongeze neno --delete. Neno hilo hufuta katika akiba kila ambacho hakipo tena katika kompyuta. Lina kazi yake, lakini kwa anayeanza ni hatari: ukiwa umefuta folda ya alama kwa bahati mbaya asubuhi, jioni utaifuta na akiba yake kwa mkono wako mwenyewe.

Hatua ya tatu, maliza kuandika kabla ya kuchomoa. Linux haipeleki kila kitu katika flashi papo hapo. Sehemu hubaki kwanza katika kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ingawa skrini yaonyesha kwamba kazi imekwisha. Andika:

sync

kisha subiri hadi alama ya terminali irudi, na halafu uitoe flashi kwa kubonyeza alama ya kutoa iliyo karibu na jina lake. Hapa ndipo nilipopotezea hadithi nane. Majina yalikuwa yamekwisha kuandikwa, na maneno yenyewe yalikuwa bado njiani.

Nakala ya mwisho wa mwezi

Rsync hukupa hali ya mafaili kama yalivyo leo. Lakini kuna makosa yasiyogunduliwa siku hiyo hiyo. Pengine utaharibu jedwali la alama mwezi Machi na kuligundua mwezi Juni. Kwa hiyo, kila mwisho wa mwezi funga folda yote katika faili moja lenye tarehe, uliweke kando bila kuligusa:

tar -czf /media/mwalimu/AKIBA/kazi-$(date +%F).tar.gz -C /home/mwalimu Kazi

Herufi c ni ya kuunda, z ni ya kubana ili faili liwe dogo, na f hutangulia jina la faili. Maneno $(date +%F) huandika tarehe ya siku hiyo, kuanzia mwaka, ili mafaili yapangike yenyewe kwa mfuatano. Bakiza angalau ya miezi mitatu ya karibuni na moja ya mwisho wa kila mwaka wa shule.

Kurudisha: mtihani wa akiba

Sasa tumefika katika sehemu ambayo wengi huiruka. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa ni tumaini tu. Baada ya kunakili, fanya mambo mawili.

Kwanza, itoe flashi, uichomeke tena, kisha ulinganishe:

diff -r /home/mwalimu/Kazi /media/mwalimu/AKIBA/Kazi

Amri hii hufungua kila faili la pande zote mbili na kulinganisha yaliyomo. Ikikaa kimya na kurudi, pande mbili ni sawa. Ikitaja jina, kuna tofauti. Kama ni faili ulilokwisha kulifuta katika kompyuta, hapana neno, lakini kama ni lingine, chunguza. Sababu ya kuitoa flashi kwanza ni kwamba kompyuta yaweza kukusomea yale yaliyo katika kumbukumbu yake ya muda, badala ya yale yaliyomo hasa katika flashi.

Pili, mara moja kwa muhula, jifanye kwamba umepoteza kila kitu. Tengeneza folda mpya, urudishe ndani yake nakala ya mwezi mmoja:

mkdir /home/mwalimu/Jaribio

tar -xzf /media/mwalimu/AKIBA/kazi-2025-03-28.tar.gz -C /home/mwalimu/Jaribio

Fungua mafaili matatu au manne, mojawapo liwe la alama na mojawapo la sauti. Soma na usikilize. Usiridhike na kuona majina. Ikiwezekana fanya jaribio hili katika kompyuta ya mwenzako, kwa kuwa siku ya msiba kompyuta yako haitakuwapo.

Siri za wanafunzi

Flashi ni ndogo na hupotea. Mara nyingi pia hupelekwa katika duka la kuchapia, ambako hupita katika kompyuta nyingi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawataka wanaoshika habari za watu wazilinde, na habari za mtoto zahitaji uangalifu zaidi. Basi flashi ya kuchapia isiwe flashi ya akiba. Tena, nakala itakayokaa nje ya mikono yako ifungwe kwa neno la siri. Tengeneza faili la tar katika kompyuta yako, si katika flashi, kisha uandike:

gpg -c kazi-2025-03-28.tar.gz

Utaulizwa neno la siri, na faili jipya lenye mwisho wa .gpg litatokea. Hilo ndilo la kunakili katika flashi ya kumpa mwenzako. Likifika wakati wa kulifungua, andika:

gpg -o kazi.tar.gz -d kazi-2025-03-28.tar.gz.gpg

Tahadhari: ukilisahau neno la siri hapana fundi atakayekufungulia. Liandike katika karatasi, uiweke pamoja na vyeti vyako.

Namna ya kulifundisha jambo hili

Mtapelekwa katika shule zenye kompyuta moja, au zisizo nayo kabisa. Wazo la akiba laweza kufundishwa kwa karatasi. Nimelijaribu somo lifuatalo la dakika 40 kwa walimu wanafunzi, na mwaweza kulirekebisha kwa Darasa la Tano na kuendelea.

Utangulizi (dakika 5). Uliza: Nyumbani mbegu za msimu ujao huwekwa wapi? Watoto watataja ghala, kibuyu, na mahindi yaliyoning'inizwa juu ya meko ili moshi uyakinge na wadudu. Uliza tena: Kwa nini haziliwi zote, na kwa nini haziwekwi zote pamoja?

Uwasilishaji (dakika 15). Gawa darasa katika makundi matatu. Kila kundi lipewe karatasi yenye hadithi fupi. Kundi A linakili hadithi yote na kuilinganisha neno kwa neno na ya asili. Kundi B linakili yote bila kulinganisha. Kundi C linakili kichwa cha hadithi na namba za aya tu. Kusanya karatasi za asili, uzichane mbele ya darasa.

Mazoezi (dakika 15). Kila kundi lisome hadithi kutoka katika nakala yake. Kundi C litasoma kichwa na kunyamaza. Kundi B huenda likakwama mahali neno lilipoachwa. Waache watoto wenyewe waeleze kilichotokea.

Tathmini (dakika 5). Kila mtoto ataje kitu kimoja cha nyumbani au cha shule kisichoweza kuandikwa tena, na aseme nakala yake ya pili itakaa wapi.

Nimeona kwamba ukimya wa kundi C hufundisha kuliko maelezo ya mwalimu. Msiufupishe.

Hitimisho

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mwalimu wa leo daftari lenyewe limekuwa mali, nalo lahitaji daftari la pili. Chagua siku moja ya juma, kwa mfano Ijumaa baada ya vipindi, uwe unanakili. Mwisho wa mwezi funga na uandike tarehe. Kila muhula rudisha na usome. Kazi hii haichukui muda mrefu kuliko kusahihisha madaftari ya darasa moja.

Hadithi tatu za mzee yule sasa zimo katika kompyuta yangu, katika diski ya nje, na katika flashi iliyo kwa mwalimu mwenzangu huko Masasi. Kila muhula huzifungua mahali pote patatu na kuzisoma. Mwaka jana niliyafuata pia yale madaftari ya watoto yaliyoziokoa. Nilipata mawili, nikayapiga picha ukurasa kwa ukurasa pamoja na makosa yake ya tahajia, kisha nikayarudisha kwa wenyewe.

Maswali na mazoezi

1. Eleza tofauti iliyopo kati ya kuhamisha faili, kufuatisha faili na kulifanyia nakala ya akiba.

2. Orodhesha mafaili yako yote ya mazoezi ya kufundisha, uyagawe katika makundi (a), (b) na (c). Je, kundi (c) lina nakala ngapi hivi sasa, na ziko wapi?

3. Mwenzako ameandika: rsync -av /media/mwalimu/AKIBA/Kazi/ /home/mwalimu/Kazi/ akitaka kuhifadhi kazi ya leo. Taja kosa lake na madhara yake.

4. Mkiwa wawili wawili, badilishaneni flashi za akiba. Kila mmoja arudishe nakala ya mwenzake katika folda ya Jaribio na kumwandikia taarifa fupi ya aliyoyakuta.

5. Andaa somo la dakika 40 kuhusu nakala ya akiba kwa shule isiyo na umeme.